Samaki wa Mamlaka Husika

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Waliozaliwa humo wanaijua, na wasiozaliwa humo hawakuulizwa. Inatosha kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, ina bwawa moja kubwa liitwalo Bwawa la Umakini, na ina kanuni za kuwatosha watu wake wote, na akiba ya kuwagawia majirani.

Katika nchi hiyo aliishi mzee mmoja, Elifasi Mndeme, mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alizunguka masokoni na madukani na mkoba wa mawe ya kupimia. Mizani iliyosema kweli aliigonga mhuri. Iliyosema uongo aliifunga kwa lakiri, mwenye duka apige magoti au asipige. Hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, jambo ambalo ni tofauti, na katika nchi ile ni adimu zaidi.

Mkewe, Foibe, alifariki mwaka wa pili baada ya yeye kustaafu. Arobaini ilipopita na jamaa wakatawanyika, Mndeme aligundua kwamba siku ina saa nyingi kuliko alivyokuwa akidhani. Daktari akamshauri atafute kitu cha kufanya kwa mikono. Akanunua ufito, mshipi na ndoano, akaomba leseni ya uvuvi wa burudani, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alikuwa ukingoni mwa Bwawa la Umakini, amekaa juu ya kigoda, anatazama boya lake dogo jekundu. Watu wakimuuliza kama anaburudika, alijibu kwamba Jumamosi inapita.

Kanuni alizijua kwa kichwa. Mshipi mmoja, ndoano moja. Samaki watatu kwa siku, basi. Asiyefika sentimita ishirini na tano, tangu mdomo hadi ncha ya mkia, arudishwe majini. Mndeme alikuwa na ubao aliouchonga mwenyewe alama za milimita. Aliulowesha kwanza ili usimchubue samaki, akamlaza, akasoma, kisha akambakiza au akamrudisha. Hakuna aliyemtazama, na yeye hakuwa akifanya ili atazamwe.

*

Matatizo yalianza bungeni, ambako ndiko yanakopatikana kwa bei ya jumla.

Mheshimiwa mmoja, mtu wa dini na mwenye sauti, alikuwa amesinzia tangu asubuhi. Alizinduka wakati Kanuni ya Tisa inasomwa, na katika kanuni nzima akayadaka maneno mawili ya mwisho: arudishwe majini. Akasimama kabla hajafumbua jicho la pili.

"Mheshimiwa Spika, utaratibu! Hivi Serikali inatwambia nini? Wananchi wetu wakipata samaki mdogo, wamrudishe kwa majini? Majini gani, Mheshimiwa Spika? Ya baharini au ya makaburini? Na nani aliyetia saini mkataba nayo?"

Meza zikagongwa. Waziri akainuka kueleza kwamba majini, kwa muktadha huu, ni mahali, yaani ndani ya maji. Mheshimiwa akamjibu kwamba hata yeye anajua fika kuwa majini hukaa ndani ya maji, na hicho hasa ndicho anachokilalamikia.

Mjadala ulichukua siku nne. Siku ya tano, kwa kauli moja, neno lile likafutwa. Mahali pake pakawekwa maneno ambayo hayajawahi kumkera mtu yeyote katika nchi ile, kwa kuwa hakuna anayejua yanamtaja nani: arudishwe kwa mamlaka husika. Bunge likaahirishwa kwa dua.

*

Jumamosi iliyofuata boya jekundu likazama, na Mndeme akavuta perege mwenye afya, mgongo wa kijivu, tumbo la manjano. Akamlaza ubaoni. Sentimita ishirini na nne nukta sita. Akamwinua kwa mikono miwili na kupiga hatua kuelekea kwenye maji.

"Shikamoo, mzee wa mizani," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Sijaona, askari wa ukingo, kijana wa makamo mwenye sare nzuri na daftari.

"Marahaba. Huyu hajafika. Namrudisha."

"Unamrudisha wapi?"

"Majini."

Sijaona akatazama huku na huku. "Mzee wangu, hilo neno siku hizi halitamkwi. Soma mwenyewe." Akamkabidhi karatasi yenye nembo.

Mndeme akasoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma mizani. "Mamlaka husika ni nani?"

"Hapo sasa! Mimi nahusika na ukingo. Maji si yangu. Na samaki akiwa mkononi mwako hayupo ukingoni, wala hayupo maji... Astaghfirullahi, umetaka kunitamkisha!"

Ng'ambo ya bwawa watu kama ishirini walikuwa wakivuta kokoro, wavu wa matundu madogo ambao ukipita hauachi hata kifaranga cha samaki. Waliimba huku wakivuta. Mmoja wao alimpungia mkono Sijaona, na Sijaona akampungia.

"Na wale?" Mndeme aliuliza.

"Wale hawana leseni."

"Ndiyo maana ninauliza."

"Sasa mtu asiye na leseni nimkague nini, mzee? Tazama daftari langu. Safu ya kwanza: namba ya leseni. Asiye na namba haandikiki. Wewe unaandikika. Mshukuru Mungu."

Sijaona akageuka kwenda zake, na kwa muda wa pumzi kama kumi hapakuwa na mtu wa kumwona Mndeme wala samaki wake. Maji yalikuwa hatua mbili mbele yake. Lakini mtu huyu alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba mizani mbovu hairekebishwi kwa kupigwa teke. Hurekebishwa kwa kuandikiwa ripoti. Akachota maji kwa ndoo, akamtia perege humo, akafunga vifaa vyake, akaenda kuitafuta mamlaka husika.

*

Ofisi ya kwanza ilikuwa Idara ya Samaki wa Burudani. Mapokezini alikuwapo Bi Mwanakombo, katibu muhtasi, mwanamke wa maneno mengi na mhuri mmoja.

"Karibu, baba. Ndoo hiyo ina nini? Kama ni maziwa, leo sinunui."

"Ni samaki. Nimekuja kumrudisha."

"Kuturudishia sisi? Baba yangu, sisi hapa tunapokea taarifa za samaki. Samaki mwenyewe hatupokei." Akainuka, akachungulia ndani ya ndoo, akashika kifua. "Kumbe ndivyo alivyo! Mwaka wa kumi na mmoja huu nipo idara hii, leo ndiyo namwona akipumua. Maskini, ana macho kama ya bosi."

Akagonga mhuri kwenye barua ya maombi aliyokuja nayo Mndeme: HAIHUSIKI.

Idara ya Maji ikasema samaki ni mnyama, apelekwe Mifugo. Mifugo wakasema mnyama asiyefungika kamba si mfugo. Maliasili walikubali kwamba ni asilia, ila wakashindwa kuthibitisha kwamba ni mali. Uhamiaji ndio waliompa matumaini, kwa kuwa kurudisha watu walikotoka ni kazi yao ya kila siku. Wakaomba picha mbili za pasipoti, masikio yote mawili yaonekane. Kila ofisi iligonga mhuri uleule. Walau katika hilo Serikali ilikuwa na sauti moja.

Wiki zikawa miezi. Perege akahamishiwa kwenye pipa la maji ya mvua lililokuwa la Foibe, chini ya mchirizi wa bati. Mndeme alimlisha pumba na makombo ya ugali, akambadilishia maji kila siku ya tatu. Hakumpa jina. Kila Jumatatu alijaza fomu ya Hali ya Kilichoshikiliwa, iliyokuwa na visanduku viwili tu, "hai" na "si hai", na kila mwanzo wa mwezi alimpima kwa ubao na kuandika urefu wake katika daftari lake mwenyewe, kwa sababu fomu haikuuliza. Jirani mmoja alimshauri amkaange, ayamalize. Mndeme akamwambia kwamba samaki huyo si wake. Wa nani, basi? Hilo, alisema, ndilo linaloshughulikiwa.

Jumamosi alirudi bwawani. Akipata samaki mdogo alimnasua kwenye ndoano kabla hajamtoa nje ya maji, na kwa namna hiyo hakuwa amemvua, wala hakuwa na wa kumrudisha. Alikaa hapo hadi jua kuwa kali. Jumamosi ikapita.

*

Barua ya kumi na nne ndiyo iliyofika juu. Huko juu wakaona aibu kwamba nchi nzima imekuwa ikielekezwa mahali pasipokuwapo, na katika mwezi wa saba tangu perege avuliwe, Mamlaka Husika ikaundwa rasmi: jengo la ghorofa mbili, magari manne, na Mkurugenzi Mkuu, Daktari Ponsiano Tarimbo, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na heshima yake ilitokana na udaktari.

Siku ya uzinduzi waliweka zulia, wakaweka hema, wakamweka Mndeme kiti cha mbele na ndoo mapajani.

"Ndugu wananchi," alinguruma Tarimbo, "kwa miaka mingi mmekuwa mkiambiwa nendeni kwa mamlaka husika. Mnakwenda, hamuikuti. Mnarudi, mnaambiwa nendeni tena. Leo, kwa unyenyekevu mkubwa, ninawatangazia kwamba mamlaka husika ni mimi!"

Vigelegele. Sijaona, aliyeletwa kulinda zulia, alipiga saluti kwa ndoo.

Kisha perege akatolewa na kulazwa juu ya rula mpya ya shaba mbele ya wapiga picha. Ofisa akasoma kwa kipaza sauti, "Sentimita ishirini na sita nukta moja." Akaitazama barua ya kwanza ya Mndeme, iliyosema ishirini na nne nukta sita. Akairudia rula. Akazima kipaza sauti.

*

Ofisini mwa Mkurugenzi Mkuu walikuwa watatu: Tarimbo nyuma ya meza, Mndeme mbele yake, na Bi Mwanakombo, aliyehamishiwa Mamlaka Husika pamoja na mhuri wake, pembeni akiandika kumbukumbu.

"Mzee wangu, wewe ni mtu wa hesabu," Tarimbo alianza. "Perege hukua kiasi gani kwa siku tatu?"

"Kwa siku tatu hakui kitu cha kupimika."

"Vizuri sana. Mwanakombo, andika. Sasa, Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ukurasa wa pili, unasemaje? Kila jambo la mwananchi hushughulikiwa ndani ya siku tatu za kazi. Jambo lako limeshughulikiwa?"

"Leo ndiyo limeshughulikiwa."

"Basi limeshughulikiwa ndani ya siku tatu. Na ndani ya siku tatu perege hakui. Na huyu amezidi kwa sentimita moja na nusu. Unaona tunakoelekea?"

"Sioni," alisema Mndeme. "Imepita miezi saba. Tarehe zipo kwenye mihuri yenu. Urefu wa kila mwezi upo kwenye daftari langu."

"Daftari lako lina mhuri?"

"Halina."

"Na mihuri yetu inasema nini? Inasema haihusiki. Tarehe ya mhuri usiohusika nayo haihusiki." Tarimbo akainuka, akafunga dirisha taratibu, akarudi kuketi. "Sikiliza, mzee. Ukisema samaki amekua, umesema Serikali imechelewa. Hilo lina kifungu chake. Leseni inafutwa maisha, vifaa vinataifishwa, na hutakanyaga ukingo wa bwawa lolote la nchi hii, hata kunawa miguu. Lakini ukisema siku ile ulikosea kusoma, huo ni ubinadamu. Nani hakosei? Tunakusamehe papo hapo, tunakuongezea leseni miaka mitano, na samaki, kwa kuwa tangu awali alikuwa wa kipimo halali, anakuwa wako."

Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa imekwisha kuandikwa, bila kosa hata moja la chapa: Mimi, Elifasi Mndeme, nakiri kwamba nilipima vibaya.

Mndeme akaitazama. Katika miaka thelathini na mmoja alishaletewa mbuzi, bahasha, na mara moja mchumba kwa ajili ya mpwa wake, ili aandike kwamba kipimo fulani ni kingine. Hakuwahi kuandika. Hakujivunia jambo hilo. Aliliona kama mtu anavyoona urefu wake mwenyewe. Na sasa kipimo kilichotakiwa kiandikwe vibaya hakikuwa cha mtu mwingine yeyote. Kilikuwa chake.

"Baba," alisema Bi Mwanakombo kwa sauti ya chini, kalamu hewani, "saini tu, ukapumzike. Sentimita moja na nusu ni kitu gani? Kucha ya kidole gumba."

"Ni milimita kumi na tano," alisema Mndeme.

"Haya, kumi na tano. Nani atazila?"

Mndeme alikuwa akiwaza juu ya Jumamosi. Hakuiwaza kwa hamu, aliihesabu. Akaona saa za asubuhi mbele yake, moja, mbili, tatu, hadi adhuhuri, na nyumba yenye viti viwili, na kila Jumamosi nyuma yake kuna nyingine. Akatafuta ndani yake hasira ambayo mtu mwingine angekuwa nayo. Hakuikuta. Akatafuta aibu, ilikuwapo, lakini mbali, kama wavuta kokoro wa ng'ambo ya bwawa, wimbo unasikika na maneno hayasikiki.

Akaomba kalamu. Akasaini kwa mwandiko wake uleule ulionyooka.

"Hongera," alisema Tarimbo. "Umeitendea haki nchi yako."

Mlangoni Mndeme aliulizia ndoo yake. Bi Mwanakombo akamletea. Ilikuwa imeoshwa, na haikuwa na maji.

"Samaki yuko hifadhini, baba," alisema akitazama sakafu. Kutoka mwisho wa ukumbi ilikuwa inakuja harufu ya vitunguu vinavyoiva kwenye mafuta. "Wamesema utatumiwa barua."

*

Serikali ya nchi ile inaweza kuchelewa mahali pengi, lakini si mahali ambapo karatasi moja inaweza kutumika mara mbili. Ndani ya siku tatu za kazi, kama Mkataba unavyosema, Gazeti la Serikali likatoka na tangazo. Kwa kuwa mkaguzi wa zamani, E. Mndeme, amekiri kwa hiari yake kwamba husoma vipimo vibaya, na kwa kuwa hajaeleza kosa hilo lilianza lini, basi mizani zote zilizopata kugongwa mhuri naye ndani ya miaka thelathini na mmoja ni batili, na zikusanywe kwa ajili ya uhakiki.

Malori yakapita. Yakabeba mizani za masokoni, za maghala ya pamba, za kliniki ambako watoto wachanga hupimwa. Wauzaji wakubwa walizisindikiza mizani zao hadi barabarani kwa furaha ambayo hawakuificha. Redio ikawahimiza wananchi wawe watulivu na, hadi uhakiki utakapokamilika, wakadirie kizalendo. Mahali pa kufanyia uhakiki palikuwa bado panatafutwa. Walioulizia walielekezwa kwa mamlaka husika, na wakati huu waliikuta, ikawaambia wasubiri.

Jumamosi Mndeme alikwenda bwawani na leseni yake mpya ya miaka mitano. Sijaona akaiandika namba yake, akamwambia sasa mzee umenyooka. Boya lilielea. Jumamosi ikapita.

Alhamisi iliyofuata aliingia dukani kwa Mama Tunu, mtaa wa pili, kununua sukari. Mama Tunu alikuwa mwanamke mnyoofu. Mizani yake Mndeme aliikagua mara tisa na hakupata kuifunga hata mara moja. Sasa mahali pake kauntani palibaki duara safi lisilo na vumbi. Nyuma ya Mndeme walikuwa wamesimama wateja watano sita.

"Nusu kilo," alisema Mndeme.

Mama Tunu akachota sukari kwa kopo, akamimina mfukoni, akasita, akaongeza kidogo, akapunguza, akaongeza tena. Mwishowe akasonya na kumwekea mzee mfuko kiganjani.

"Mzee Mndeme, mimi nimechoka kudhulumu watu bila kukusudia," alisema. "Shika, uniambie. Imetimia?"

Mndeme alikuwa ameukunja mkono kidogo, kama ulivyozoea wenyewe. Zilikuwa gramu mia nne na thelathini. Pengine mia nne thelathini na tano, kwa sababu ya mfuko.

"Unamuuliza huyo?" akasema mwanamke mmoja wa nyuma, mwenye kapu. "Huyo si ndiye aliyeshindwa hata na perege? Imo gazetini, na saini yake."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha.

"Nyamaza wewe," alisema Mama Tunu bila kumtazama. "Nimemuuliza mzee. Mzee, sema tu, mimi nakuamini. Imetimia au haikutimia?"

Mndeme akaubadilisha mfuko mkono, kutoka wa kulia hadi wa kushoto. Uzito ulikuwa uleule.

"Sijui," akasema.